Furukombe Haji kwa Kelele

Kila Aprili Watanzania tuliosoma tunashikwa na homa. Si malaria. Ni homa ya ripoti ya CAG. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anamkabidhi Rais ripoti zake mwishoni mwa Machi, siku chache baadaye zinatua bungeni Dodoma, na hapo ndipo tunapovimba. Mabilioni! Jamani, mabilioni! Tunatumiana kurasa kwenye simu, tunakata vipande vya video, tunatukana, tunaapa kwamba safari hii haiwezekani. Inadumu kama siku kumi hivi. Kisha Simba na Yanga wanakutana, homa inashuka, tunarudi kazini. Mwaka unaofuata CAG anaandika hoja zinazofanana na zile zile, kwamba fedha zilikusanywa kwa mashine za kielektroniki na hazikufika benki, na sisi tunashangaa upya kama watu waliozaliwa jana.

Leo nina hoja moja tu, na najua baadhi yenu mtanicheka. Kizazi chetu hakitawawajibisha viongozi wa miji na halmashauri zetu mpaka kijifunze kuwatazama kama watu wanavyotazama ndege. Ndiyo, ndege. Sizungumzii ndege za ATCL, hizo CAG anazishughulikia mwenyewe. Nazungumzia hawa wenye manyoya.

Nisikilizeni kwanza, mtacheka baadaye.

Kazi ya uripoti hunipeleka mkoa wa Ruvuma mara kwa mara. Ukitoka Mbinga mjini, kwenye ubaridi wa Wamatengo na mashamba yao ya kahawa, barabara inateremka kilomita 66 mpaka Mbamba Bay. Kabla ya lami, safari hiyo ilikuwa ya kumwachia Mungu, hasa masika. Siku hizi unateremka masikio yakiziba, unavua sweta njiani, na ukifika chini ziwa liko mbele yako, bluu mpaka upeo wa macho. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo katika safari moja unapita tabianchi mbili, na ndege wa juu si ndege wa chini.

Kule chini ndiko nilikoanza ugonjwa huu. Kaa juu ya mawe makubwa ya Mbamba Bay asubuhi kabla jua halijachoma. Mnandi wamejipanga kwenye mawe ya majini, mabawa wameyatanua kama mashati yaliyoanikwa. Mdiria mweusi na mweupe anasimama hewani, palepale, mabawa yakipiga haraka haraka, kichwa hakitikisiki, halafu anajitupa kama jiwe na kutoka na samaki mdomoni. Halafu unamsikia furukombe kabla hujamwona. Anatupa kichwa nyuma na kulia, na mwenzake anamjibu kutoka mti mwingine. Kichwa cheupe, tumbo la rangi ya kahawia iliyoiva, mabawa meusi. Akishuka kuchukua samaki, anashuka bila papara, anagusa maji kwa kucha tu, anapanda. Mara ya kwanza nilipoona hivyo kwa karibu nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Sijui neno jingine la kusema zaidi ya furaha.

Kuna siku utaona kitu kama moshi kinapanda katikati ya ziwa. Si moto, si meli. Ni kungu, wadudu wadogo wanaoibuka kutoka majini kwa mamilioni. Watu wa ziwa huwakamata na kuwala. Na kuanzia Oktoba hivi utaona mbayuwayu waliotoka Ulaya. Ndege mwenye uzito wa kama gramu 20 amevuka bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara bila viza na bila posho ya safari. Halafu sisi tunashindwa kutembea hatua mia mbili kwenda kwenye mkutano wa mtaa.

Sasa sikiliza jambo ambalo watazamaji wa ndege wanalijua na sisi wanasiasa wa kwenye WhatsApp hatulijui. Furukombe haji kwa kelele. Ukipiga makofi anaondoka. Ukirusha jiwe anaondoka. Unatakiwa kukaa, kunyamaza, na kurudi. Kesho urudi tena. Wiki ijayo urudi mahali pale pale. Na muhimu kuliko yote, unaandika: tarehe, saa, mahali, ndege gani, wangapi. Hata kama hujaona kitu unaandika. Sifuri nayo ni taarifa. Mtu aliyeandika "furukombe 0" kila wiki kwa miaka mitatu mahali palipokuwa na furukombe sita, ana ushahidi ambao hakuna mheshimiwa anayeweza kuukunja na kuutia mfukoni.

Wenzetu wameanza zamani. Mwaka 1900, huko Marekani, kulikuwa na mchezo wa Krismasi: watu wanagawana makundi, wanaingia porini na bunduki, kundi litakaloua ndege na wanyama wengi ndilo mshindi. Frank Chapman, mtaalamu wa ndege, akapendekeza kwamba safari hii watu wahesabu badala ya kuua. Walijitokeza watu 27. Hesabu hiyo haijakoma mpaka leo, na sasa wanaoshiriki ni makumi ya maelfu. Hawakusubiri mkaguzi mkuu wa ndege ateuliwe. Hapa kwetu pia, tangu miaka ya 1980, kuna Atlasi ya Ndege ya Tanzania, kazi iliyojengwa na watu wengi wa kujitolea wanaoandika walichokiona na kukituma. Hakuna anayewalipa. Wanafanya kwa sababu wanapenda.

Siku moja kwenye mwalo mmoja wa Nyasa nilikuwa nimekaa na daftari langu. Mzee mmoja mvuvi akaacha kuanika usipa akanisogelea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ni mtu wa ushuru?"

"Hapana, babu. Nahesabu ndege."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Serikali imefika mpaka kwenye ndege?"

Nikamweleza kwamba si serikali, ni mimi tu, napenda. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema kitu ambacho sijakisahau: "Basi mjukuu wangu, ukimaliza ndege uhesabu na ushuru. Hapa tunatoa kila siku. Yule anayepokea anaandika, lakini anachoandika hatujakiona hata siku moja."

Tafakari kauli hiyo. Mzee hakusema wameiba. Amesema hajaona kilichoandikwa. Huo ndio ugonjwa wetu wenyewe, na unatangulia wizi. Mwizi anakuja baadaye, akikuta watu hawahesabu.

Sasa nijibu wanaosema ndege ni mambo ya wazungu wenye kofia na kaptula. Hivi kweli? Kiswahili kina furukombe, mnandi, mdiria, yangeyange, kulasitara, kwarara, hondohondo, keremkerem, dudumizi, kigong'ota, chozi, mnana. Majina hayo hayakuletwa na meli. Mtu asiyetazama hawezi kumpa jina keremkerem. Wazee wetu walitazama. Sisi wenye digrii ndio tumefika mahali kila chenye mabawa ni "ndege" na kikizidi kuwa kikubwa ni "tai".

Umaskini huo huo wa majina tunaupeleka kwenye siasa. Kila kitu ni "serikali". Barabara mbovu: serikali. Maji hayatoki: serikali. Taka zimejaa sokoni: serikali. Mtazamaji wa ndege anayemwita mnandi bata hawezi kumhesabu mnandi, na mwananchi asiyejua nani anafanya nini hawezi kumwajibisha mtu yeyote. Tujifunze spishi basi. Diwani umemchagua wewe. Mkurugenzi wa halmashauri hukumchagua, ameteuliwa na Rais, lakini ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri. Mkuu wa wilaya naye ni mteule wa Rais, wala si mwajiriwa wa halmashauri. Barabara kuu ni ya TANROADS. Ya mtaani kwako, tangu mwaka 2017, ni ya TARURA. Maji ya vijijini tangu 2019 yako RUWASA. Ukimtukana diwani kwa shimo la TANROADS, diwani anafurahi sana. Umempa nafasi ya kusema, kwa haki kabisa, kwamba hahusiki. Na lile linalomhusu, ambalo hukuuliza, linapita salama.

Lipi linalomhusu? Chukua Mbinga. Ni mji wa kahawa. Kahawa ikiuzwa kuna ushuru wa mazao unaokwenda halmashauri, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Makaa ya mawe ya Ngaka yanachimbwa wilayani Mbinga tangu 2011, na kampuni zinazofanya biashara ndani ya halmashauri zinadaiwa ushuru wa huduma kisheria. Kuna soko, kuna stendi, kuna leseni, kuna vibali vya ujenzi. Kutoka kwenye mapato hayo ya ndani, sheria inataka asilimia 10 iwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya usimamizi mbovu, ikarudishwa 2024.

Kijana wa Mbinga, wa Songea, wa Iringa, wa Ilala, nakuuliza swali dogo. Asilimia 4 ya shilingi ngapi? Tuseme halmashauri yako imekusanya bilioni 1. Basi milioni 40 ni za vijana. Kama imekusanya bilioni 3, ni milioni 120. Unapokwenda kuuliza mkopo ukaambiwa "fungu limekwisha", unajua fungu lilikuwa kiasi gani? Kama hujui, huulizi. Unaomba. Na mwenye kuomba hana cha kudai.

Mtaniambia, "Lakini halmashauri yetu ina hati safi." Naomba tuelewane kuhusu hati safi. Hati safi maana yake ni kwamba mkaguzi ameona vitabu vya hesabu vimeandaliwa inavyotakiwa na vinaonyesha picha ya haki ya fedha zilivyokwenda. Haina maana kwamba choo cha shule kina mlango. Haina maana kwamba mkandarasi alijenga kitu chenye thamani ya alicholipwa kila mahali. Haina maana kwamba gari la taka linapita kwako. Hayo ya mlango na taka, CAG hawezi kuyaona yote. Ana halmashauri 184 za kukagua. Wewe una mtaa mmoja.

Nirudi ziwani, kwa sababu huko ndiko ndege na halmashauri vinapokutana ana kwa ana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Mita 60. Ni kama nusu ya uwanja wa mpira na kidogo. Ndani ya mita hizo ndimo yalimo matete, na ndani ya matete ndimo mnana wanaposuka viota vyao vinavyoning'inia na kulasitara wanaposimama kuvizia. Samaki wadogo nao hujificha humo humo. Matete yakifyekwa, wa kwanza kuondoka ni ndege. Wanaondoka mwaka huu, na mvuvi anakuja kuona upungufu kwenye nyavu baadaye.

Na Nyasa inabadilika haraka. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, makao makuu yakawa Mbamba Bay. Lami imefika. Ujenzi wa bandari mpya ulianza 2024. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay inazungumzwa miaka nenda rudi, na siku moja huenda ikaja kweli. Mimi siyapingi hayo hata moja. Mtu wa Liuli ana haki ya kufika hospitali kwa lami kama mtu wa Mikocheni. Lakini mahali palipo na bandari na lami kutakuwa na viwanja, na mahali palipo na viwanja kutakuwa na watu wenye pesa wanaotaka nyumba ambayo ukifungua dirisha unagusa maji. Hapo ndipo swali la mita 60 litakapokuwa swali la nani anamjua nani. Ndege wa rangi moja huruka pamoja, na hata waheshimiwa nao.

Sasa nani atakayejua kwamba matete ya upande ule yalikuwepo mwaka juzi? Kumbukumbu ya mzee mvuvi? Wataikataa, watasema ni maneno ya kijiweni. Lakini daftari lenye tarehe 52 za mwaka, lenye hatua zilizopimwa kutoka majini, lenye hesabu ya viota vya mnana mwezi kwa mwezi, pamoja na picha? Hilo wataligombania. Mtazamaji wa ndege, bila hata kukusudia, ndiye mkaguzi wa sheria ya mazingira anayeamka mapema kuliko wote.

Kama bado unadhani ndege na uendeshaji wa miji havihusiani, mwulize kunguru wa Dar es Salaam. Yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu si wetu. Ni wa India. Aliletwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1890, enzi za Waingereza, ili asaidie kula taka za mji. Fikiria hilo kwa utulivu. Utawala una mji, mji una taka, badala ya kuzizoa unaagiza ndege azile. Huyo ndiye mzabuni wa kwanza wa usafi asiye na mkataba. Kunguru akala taka, akamaliza, akala mayai na makinda ya ndege wengine, akavuka bahari, akatanda pwani yote. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe unayemkuta Mbinga, Dar amekuwa adimu. Zanzibar walipambana naye kwa sumu na mitego miaka ya 1990. Dar nao wakajaribu. Kenya, Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaua milioni 1 kufikia mwisho wa mwaka huo.

Zaidi ya miaka 130 tunalipa deni la mji uliokataa kuzoa taka zake. Na kunguru hana kosa. Yeye ni risiti tu. Palipo na kunguru wengi pana taka nyingi, na palipo na taka nyingi kuna mtu analipwa kuzizoa na hazoi, au kuna ada inakusanywa na haifiki. Siku nyingine ukiwaona mia mbili juu ya dampo la mtaani, usiwalaani. Waandike. "Jumanne, saa 1 asubuhi, kunguru 200, gari la taka 0." Andika hivyo wiki nane. Halafu peleka kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani. Utaona kama watakujibu "tunalifanyia kazi".

Msidhani wakubwa hawajui nguvu ya kuhesabu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka 2019, baada ya kelele za ndani na nje, kosa hilo likaondolewa. Nataka ujiulize kwa nini walihangaika na takwimu. Matusi yetu ya Aprili yanawachosha tu. Namba yenye tarehe ndiyo inayowanyima usingizi. Na tusidanganyane, kuuliza maswali nchi hii kuna gharama zake, kila mtu anajua alikuwa wapi Oktoba 2025. Ndiyo maana nasema tuulize kwa namna ambayo ni ngumu kuigeuza kuwa kosa. Kwenda na daftari kuhesabu taka za mtaa wako si uchochezi kwa sheria yoyote ninayoijua.

Nimejaribu mwenyewe. Kuna ofisi moja ya umma, siitaji, niliiandikia kuomba taarifa ya ukusanyaji wa ushuru wa soko. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Nikaambiwa njoo kesho. Njoo Jumatatu. Mhusika yuko Dodoma. Mhusika amerudi lakini yuko kikaoni. Nikaanza kufanya kama ninavyofanya ziwani. Kila nilipokwenda nilitoa daftari pale pale mbele yao na kuandika: tarehe, saa, dawati gani, jibu gani. Bila kufoka, bila kupiga picha. Mara ya nne dada wa mapokezi akaniuliza, "Kaka, unaandika nini kila siku?" Nikamsomea. Akanyanyuka na kuingia ndani. Karatasi ikapatikana baada ya robo saa. Siku ya 26.

Liuli wanajua gharama ya kukosa taarifa kuliko sehemu nyingi duniani. Enzi za Mjerumani iliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya lile jiwe linalofanana na sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Ikaja meli ya Mwingereza, Gwendolen, ikaanza kuipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, ambaye alikuwa akimfahamu vizuri mwenzake Mwingereza, akaruka kwenye mtumbwi na kwenda kumwuliza kwa hasira kama amelewa. Hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Akachukuliwa mateka na meli ikaharibiwa. Sisi nasi tunaishi hivyo na halmashauri zetu. Bajeti imepitishwa, kiwanja kimegawiwa, zabuni imetolewa, na sisi tunatoka mbio na kimtumbwi chetu kuuliza, "Jamani, mmelewa?" Imekwisha. Tumechelewa miezi tisa.

Tusichelewe basi. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Baraza la Madiwani linakaa kila robo mwaka, na mikutano yake iko wazi kwa wananchi. Nimehudhuria mabaraza kadhaa kama mwandishi. Viti vya wananchi mara nyingi tunakaa waandishi wawili, na mmoja wetu anasubiri chai. Madiwani wanajua. Mtu anayejua hatazamwi anaongea tofauti na anayejua kwamba nyuma kuna vijana kumi na moja wenye kalamu.

Mtu mmoja aliniuliza, kwa nini furaha? Kwa nini usiseme tu wajibu, uzalendo, haki? Kwa sababu nimeona wajibu unavyochoka. Nimeona marafiki zangu wa chuo, wenye hasira halali kabisa, wakizimika mmoja baada ya mwingine. Hasira haina miguu ya safari ndefu. Hakuna mtu anayeamka saa 11 alfajiri kwa miaka 20 kwa sababu amekasirika. Lakini wapo wanaoamka kwa sababu wanapenda kumwona mdiria akisimama hewani. Halmashauri inataka watu wa namna hiyo: wanaoupenda mji wao kiasi cha kuutazama hata siku ambayo hakuna kashfa, wanaojua jana soko lilikuwaje, wanaofurahi, ndiyo, wanaofurahi kuona mtaro umezibuliwa, na wanaandika hilo pia. Mtazamaji mzuri haandiki mabaya tu. Mkurugenzi akifanya vizuri, daftari lake liseme. Ndipo siku litakaposema vibaya ataliamini hata asiyependa.

Kwa hiyo ndugu yangu, mwezi huu chagua mahali pamoja. Mahali pamoja tu: dampo, soko, ufukwe, kisima, stendi. Nenda siku ile ile, saa ile ile, kila wiki. Andika vitu vitatu: ndege uliowaona na idadi yao, kazi ya umma iliyofanyika au kutofanyika, na shilingi uliyoona inalipwa na kama risiti ilitoka. Mkiwa watatu mitaa mitatu, linganisheni. Kikifika kikao cha Baraza la robo mwaka, ingieni nayo, mkae viti vya nyuma, mnyamaze, msikilize taarifa ya mapato ikisomwa, na mlinganishe na mliyoyaona. Atakayesoma namba isiyofanana na yenu atakuwa amejileta mwenyewe kwenye mti uliokaa unautazama.

Naomba kutoa hoja.